Shwari ya Kila Jumatano

Watu wa Ziba walianza kusema kwamba najichubua. Mzee wa umri wangu, sajenti mstaafu, mtu aliyevuka mto Kagera na bunduki begani, eti anapaka mkorogo. Walikuwa na sababu. Uso wangu uliokuwa mweusi tangu kuzaliwa ulianza kuchujuka kuzunguka macho, kisha mashavuni, kisha mikononi, na kope zilivimba kila asubuhi kama za mtu aliyekesha akilia. Muuza duka mmoja aliniuliza mbele ya watu natumia losheni gani, akamtafutie mkewe. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanya nini. Nilirudi nyumbani nikakaa nyuma ya zizi mpaka jua likashuka, nimekasirika hata sijui nimkasirikie nani.

Haikuwa losheni, ilikuwa dawa. Nina saratani ya damu, na kidonge kimoja cha kila siku ndicho kinachoniweka hai. Kuchujuka rangi ni moja ya vituko vyake. Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyeambiwa juzi au jana kwamba ana ugonjwa kama wangu, akakabidhiwa chupa ya vidonge na kuambiwa aende nayo nyumbani, kijijini, mbali na daktari. Hasa kama mtu huyo amewahi kuvaa magwanda. Mambo ya kitaalamu kaulize kliniki. Mimi nitakueleza neno moja lililotuponza, mimi na mwenzangu, na usinitegemee nilieleze kwa upole.

Ugonjwa ulinianza wakati wa kuvuna karanga. Nilikonda kila mahali isipokuwa tumbo, ambalo lilijaa upande wa kushoto kana kwamba nimemeza jiwe. Mke wangu, Mama Shija, alitoboa mkanda wangu tundu jipya mara mbili kabla sijakubali kwenda hospitali. Tulipofika Tabora tulifikia mtaa wa Ipuli, kwa mwanetu Shija. Nilipimwa leo, nikaambiwa njoo kesho, kesho ikawa wiki ijayo. Ukumbi wa kusubiri ulikuwa na mabenchi marefu ya mbao, na mtu akiitwa wote mnasogea nafasi moja, kwa hiyo siku nzima unafuta benchi kwa suruali yako.

Siku niliyopewa jina la ugonjwa, nilikuwa nimerudi kwenye benchi hilo sioni mbele. Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Sajenti Luhende! Mguu sawa!"

Nilisimama kabla sijafikiri. Watu waligeuka. Alikuwa Koplo Maganga, mrefu kama zamani ila mabega yamebaki mifupa. Tulipigana vita vya Kagera katika platuni moja, na tangu tustaafu hatukuwa tumeonana. Alikuwa anaishi ng'ambo ya mbuga, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka kwangu.

"Wewe wamekuambia nini?" nikamuuliza.

"Damu."

"Na mimi damu."

Tulicheka mpaka muuguzi akatutazama vibaya. Wanaume wawili wamekwepa mabomu, wanakuja kukutana kwenye benchi la saratani.

Lazima nikueleze jambo moja la vitani, maana ndilo lililorudi kutudai. Kuna wakati tulitenganishwa na kikosi chetu siku tatu, mimi na yeye, tuna pakiti moja ya biskuti ngumu. Maganga alizikata kwa kisu cha bunduki, moja moja, na chengachenga akazigawa kwa kidole. Nusu kwa nusu. Tangu hapo hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Mmoja akisema "nusu", mwingine anajibu "kwa nusu".

Hospitalini tulikabidhiwa kwa mfamasia, binti anayeitwa Zuhura, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafuatilia kwa simu wastaafu wa jeshi wanaokula dawa za saratani wakiwa vijijini. Mdogo wa mwili, sauti ndogo, mtandio umekazwa kama mtu anayekwenda safari. Alituketisha pamoja.

"Wazee wangu, chupa mtaifuata hapa kila mwezi, wenyewe, ili tupime damu. Lakini mimi mtanisikia kila Jumatano, saa nne asubuhi. Chochote mwilini, nataka kukijua. Hata kama mnakiona cha kipuuzi."

"Ndiyo, afande," Maganga akasema, na Zuhura akacheka.

Niliambiwa nikae mjini wiki mbili za mwanzo, karibu na hospitali. Nilikaa siku tano. Kwa mila zetu, mkamwana na baba mkwe huheshimiana kwa mbali. Rehema, mke wa Shija, hakuwahi hata kukalia kiti nilichoketi. Na sasa mimi natapika ndani ya nyumba yake, na ndoo anaibeba yeye, ameinamisha macho, haongei. Siku moja sikuwahi ndoo, nikachafua mkeka wake. Alipiga magoti akaanza kufuta, akaniambia "pole, baba" kwa sauti ya chini. Nilimchukia kwa wema ule. Asubuhi yake nikafunga begi. Shija alisema mimi ni mbishi, na kwamba nikifia kijijini asilaumiwe. Nilimjibu maneno ambayo baba hamwambii mwanawe. Hatukusemezana hadi masika yalipoanza.

Ziba, nyumbani kwangu, simu inashika sehemu moja tu, juu ya kichuguu kilicho nyuma ya zizi. Kwa hiyo kila Jumatano saa nne nilipanda kichuguu na simu yangu ya tochi, na jirani wakazoea kuniona pale juu nimesimama kama mlingoti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za tangu Jumatano?"

"Shwari."

"Kutapika je?"

"Shwari."

"Miguu inakaza?"

"Kidogo tu. Shwari."

Mama Shija alikuwa chini na jembe. "Shwari ya nani?" akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka Tabora. "Si asubuhi hii umetapika uji wote kwenye minyaa?"

Nikaziba simu kwa kiganja.

Usinielewe vibaya, sikuwa nadanganya kwa makusudi. Jeshini redio ikikuuliza hali, unajibu shwari. Hata kama mvua inakunyeshea na tumbo linakukata, maadamu bado umeshika bunduki, ni shwari. Humpotezei kamanda muda. Na kabla ya jeshi kulikuwa na ukoo. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi kwenye njia ile ya zamani ya misafara, inayotoka Ujiji kupitia Tabora kwenda pwani. Kwetu husimuliwa kwamba alifikisha mzigo Bagamoyo na kidonda mguuni bila kumwambia kiongozi wa msafara, na husimuliwa kwa fahari. Nilikuwa mtu mzima ndipo bibi yangu aliponiambia kwamba alirudi bila mguu huo. Sehemu hiyo wanaume wa ukoo hawaisimulii.

Ni mara moja tu kweli ilisemwa kwenye simu ile, na si mimi niliyeisema. Mama Shija alininyang'anya simu, akamsalimia kwa lugha ya kwetu, akasema: "Mwangaluka, binti. Huyu anatapika, anakula dawa na tumbo tupu alfajiri kama kikombe cha kahawa." Zuhura akaniambia nile kidonge katikati ya ugali wa mchana, na maji bilauri kubwa. Kutapika kukaisha ndani ya wiki moja. Siwezi kueleza utamu wa kula mlenda ukakaa tumboni. Ungedhani hapo ningejifunza.

Masika yakaja, ile mbuga ya kwao Maganga ikajaa maji. Siku moja ya mnada, mchana, nikamwona anaingia uani kwangu, suruali imekunjwa, tope jeusi mpaka mapajani. Mama Shija alimpa uji, akaushika kwa mikono miwili asiunywe.

"Nusu," akasema.

"Kwa nusu. Kuna nini?"

"Sina kidonge tangu Ijumaa. Tarehe yangu ya chupa imepita. Maji yalinifungia."

"Sasa umeshavuka. Twende Tabora kesho, mimi na wewe."

Akatikisa kichwa. "Siku tisa, Sajenti. Siku tisa hujaripoti, na hukuomba ruhusa. Unajua hiyo inaitwaje."

Nilijua. Inaitwa utoro. Na hapa ndipo unapoweza kutucheka, maana ukimwambia raia atakuuliza, utoro gani, hospitali ni kambi? Lakini sisi wawili tulikaa pale tukaona ni jambo la kweli kabisa. Tuliamini kuna daftari mahali, na jina la mtoro linapigwa mstari, na mwenye mstari hapewi dawa tena. Wazee wawili wenye wajukuu. Sikumwambia "acha ujinga, mpigie yule binti". Niliingia ndani nikaleta chupa yangu. Vilikuwa ishirini na sita. Tukavigawa kumi na tatu kwa kumi na tatu juu ya ungo, na nakuambia ukweli, nilijisikia vizuri siku hiyo. Nilijisikia kijana.

Jumatano Zuhura akaniuliza, "Mzee, Koplo Maganga hapatikani kwenye simu, na hapa hajafika. Hajakwama na mvua?"

"Hajakwama."

"Dawa anazo?"

"Anazo. Mwanawe wa Dar amemnunulia."

Jeshini mwenzako asipokuwepo kwenye paredi, jina lake likiitwa, unaitika wewe. Nilimwitikia Maganga.

"Na wewe vimebaki vingapi?"

Nikamtajia idadi ya mtu anayekula kila siku, ilhali nakula siku moja naacha moja. Nilisikia kalamu yake ikiandika.

Mwezi uliofuata nilikwenda kliniki nikachukua vyangu thelathini. Maganga akaja siku ya mnada, amekonda zaidi, nikampa kumi na tano. Mwezi wa tatu hakuja. Siku moja simu yake ilishika, nikamuuliza kama nimtafutie mtu wa kumpelekea, akasema, "Bado ninavyo, Sajenti. Shwari." Nilishukuru, maana wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kulowa jasho mchana kivulini, na lile jiwe la upande wa kushoto limerudi. Mama Shija aliacha kugombana nami. Mke wako akiacha kugombana na wewe, ujue ameanza kukuaga.

Damu yangu ikapimwa, ikaonekana mbaya. Daktari alimwambia Zuhura kwamba dawa imenikataa, na kwamba nyingine hapo hawana. Ya kunibadilishia ingetafutwa mbali, ikipatikana. Hayo niliambiwa baadaye. Nilichokijua mimi ni kwamba simu ililia Alhamisi, siku isiyo yake, na Mama Shija akanishika mkono mpaka juu ya kichuguu kwa sababu peke yangu nisingepanda.

"Shikamoo, mzee. Habari za hapo?"

"Shwari, binti yangu."

Nilisikia kalamu yake ikiwekwa mezani.

"Sajenti Luhende," akasema, na sauti haikuwa ile ndogo. "Baba yangu alikuwa askari. Alikufa akisema shwari, tena kitandani, na mimi ndiye nilikuwa nampa maji. Sikuulizi habari za hapo tena. Toa taarifa. Majeruhi wangapi?"

Sikujua kwamba bado kuna kitu ndani yangu kinachoitii sauti kama hiyo. Magoti yalijibana, mgongo ukanyooka. Mdomo ukajibu wenyewe.

"Majeruhi wawili."

Kisha nikaketi juu ya kichuguu nikamwambia yote, biskuti, utoro, ungo, mwana wa Dar. Nililia. Mama Shija alikuwa pembeni yangu anasikia kwa mara ya kwanza, na uso alioniangalia nao siku ile bado naukumbuka nikiwa sitaki. Zuhura hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

"Mzee, mvua hainyeshi kwa mara ya kwanza huko wilayani kwenu Igunga," akasema. "Utaratibu wa mvua tunao. Mgonjwa akikwama, chupa inapelekwa zahanati ya karibu yake kwa pikipiki, na damu tunampima akivuka. Niliwaeleza siku ile ya kwanza. Na nilikuuliza kama amekwama."

Kweli alitueleza. Tulikuwa tunamtania habari ya u-afande.

Siku ileile alipiga zahanati ya kwao Maganga. Mganga wa pale alikwenda nyumbani kwake akamkuta anatokwa damu kwenye fizi, anamwambia hana tatizo kubwa. Walimvusha mbuga kwa mkokoteni wa ng'ombe, kisha gari mpaka Tabora. Na mimi nikarudi Ipuli, kwa Rehema, na safari hii nikaomba ndoo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nilimkuta Maganga wodini. Ngozi yake nayo ilikuwa imechujuka kidogo mikononi, tukalinganisha mikono kuona nani mzungu zaidi. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kwamba ameanza kutokwa damu.

"Ungenipa vyote," akasema.

Alikufa wiki mbili baadaye, mvua zikiwa zimekatika, mbuga inakauka. Ule ugonjwa ulikuwa umeshageuka kuwa mwingine usiojali kidonge. Nilimuuliza Zuhura kama nusu yangu ndiyo iliyomuua au ndiyo iliyomfikisha pale. Alikaa nami kwenye lile benchi.

"Nusu haikumtosha yeye, wala haikukutosha wewe," alisema. "Zaidi ya hapo sijui, baba, na sitakudanganya."

Kwenye mazishi msemaji wa familia alisimama akasema marehemu alikuwa shujaa, hakulalamika hata siku moja ya ugonjwa wake. Watu wakaitikia kwa kichwa, wazee wenzangu ndio zaidi. Walipoomba neno kutoka kwa askari mwenzake, nilisimama nikasema, "Angelalamika, leo tungekuwa naye." Nikaketi. Mzee mmoja alininong'oneza kwamba nimeuvunjia msiba heshima. Nilimwambia heshima ndiyo tunayoifukia hapo.

Mjane wake aliniita pembeni kabla sijaondoka. Alikuwa na kikopo cha ugoro cha Maganga, kile cha bati, kimechakaa mfuniko. "Alisema hiki ni chako, shemeji." Nilidhani ni ugoro. Ndani mlikuwa na vidonge kumi na kimoja, vimeanza kuingia unyevu.

"Alisema mkiishiwa wote wawili, vitakufaa wewe. Alisema wewe ndiye mkubwa wa platuni."

Katika vile nilivyompa alikuwa anakata tena na tena, kama chengachenga za biskuti, ili mimi nisipungukiwe. Watu huniambia huo ni upendo. Najua ni upendo. Nilimchukia karibu mwezi mzima, na siku nyingine bado namchukia. Kikopo nilikipeleka kwa Zuhura, akaniambia vidonge vile havifai tena kuliwa, lazima viteketezwe. Akanirudishia bati tupu.

Mimi nimepona kwa kiasi cha ugonjwa huu, maana haukuachi. Nilipokula kidonge kila siku bila kuruka, damu ilirudi sawa polepole, daktari akasema dawa haikuwa imenikataa, nilikuwa nimeikataa mimi. Kope bado zinavimba asubuhi. Muuza duka bado ananiita mzungu, na sasa namwambia ni dawa ya saratani, na yeye ndiye anayejifanya anapanga sabuni. Shija huja Ziba kila baada ya miezi miwili. Hatujaombana msamaha, anakuja tu, ananikagulia chupa, anahesabu, na mimi namwachia ahesabu.

Ewe unayeanza, mfamasia wako atakupigia simu. Atakusalimu kwa adabu kwa sababu wewe ni mkubwa, na adabu itakufanya umjibu vizuri. Mwitikie salamu, halafu usiishie hapo. Mwambie tumbo, mwambie fizi, mwambie umeruka siku ngapi. Ukikosa siku ya kliniki, mwambie umekosa. Hakuna daftari la watoro. Nimeliulizia, nimeonyeshwa kabati zima. Na kama una mwenzako mnayeugua naye, usimgawie kidonge hata akikupigia magoti, mpandishe kichuguu mkajishitaki nyote wawili kwa aliye na dawa.

Jumatano ya kwanza baada ya kumzika Maganga nilipanda kichuguu peke yangu. Karanga zilikuwa zimeshang'olewa, shamba limebaki wazi mpaka barabarani. Saa nne simu ikalia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu."

Tangu siku ile ya Alhamisi hakuwa ameniuliza tena habari za hapo, alikuwa ananiuliza swali lake moja tu, na nilijua leo anaogopa kuliuliza. Nilimsubiri. Nilitaka aniulize.

"Majeruhi wangapi, Sajenti?"

"Mmoja," nikamwambia.